Kuna Mtu Anangoja Jibu kwenye Blogu Yako

Buyenzi, Bujumbura, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Sauda mwanangu,

Kosa wanalofanya wengi wanaotaka kuandika ni kungoja. Wanayafukia maandishi yao kama ndizi za kuivishwa shimoni, wakiamini kwamba siku moja watafukua na watu wote watakula washibe. Wanasahau kwamba ndizi iliyopitiliza shimoni haizidi utamu, inaoza. Mimi baba yako nimelifanya kosa hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Lingekuwa langu peke yangu ningelibeba. Lakini nilikulazimisha na wewe ulifanye, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chako nikiangalia vidole vyako, na hilo ndilo linalonielemea.

Umekwenda Kanyosha kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko uani anakaanga sambusa za njiani, na kila baada ya muda anapaza sauti kuniuliza kama nimekuandikia habari ya koti. Sijakuandikia. Ya koti, ya chandarua, ya kutolala ndani ya basi hadi uvuke mpaka, na ya kula kwa wakati huko kwenye chuo cha uuguzi Kampala, hayo yote ni yake na anayajua kuliko mimi. Mimi nimebaki na jambo moja tu, na kwa kuwa tangu zamani najua kueleza kuliko kuomba radhi, nitalieleza kwanza.

Unaikumbuka siku uliyonipeleka kwenye saiberi ya nyuma ya soko. Ulinivutia kiti kama mgeni wa heshima.

"Kaa hapa, Baba. Mi nataka uone kitu."

"Kitu gani?"

"Blogu yangu."

Neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Ulinieleza kwamba ni kama daftari lililoachwa wazi ndani ya kompyuta. Ukurasa wa leo unakaa juu, wa jana unasukumwa chini, na yeyote duniani anayepita anaweza kusoma na kuandika jibu lake papo hapo. Nimefundisha Kifaransa na historia miaka thelathini, na maelezo mengi niliyotoa darasani hayakuwa mepesi kama hayo yako.

Nikasoma. Ulikuwa umeandika juu ya mafundi wa avenue yetu wanaoweka sikio kwenye boneti na kutaja ugonjwa wa gari kabla mwenyewe hajamaliza kulia. Ulikuwa umeandika juu ya yule jirani yetu aliyekimbia kutoka Uvira, Mama Bahati, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye kona na kuwaita wanaume wote wakwe. Jina lake ulilificha, ukamwita Mama Mukwe, lakini sauti yake ulikuwa umeiweka nzima: "Mukwe wangu! Utapita bila kusalimia mama mukwe wako? We mutoto wa wapi?" Nilicheka, Sauda. Nataka ulijue hilo kwa sababu siku ile nilikuficha, nikakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Halafu nikateremka chini nikaona majibu. Mtu mmoja wa Kigoma alisema hata kwao yuko mama wa namna hiyo. Mtu wa Lubumbashi aliuliza kama mafundi hao wanaweza kumsikiliza na mume wake. Walikuwa watu kumi na mmoja. Niliwahesabu, sikuwasoma wote.

"Haya si maandishi," nikakuambia. "Hizi ni porojo za barazani. Na lugha yenyewe ya gereji."

"Lakini ndivyo tunasemaka, Baba."

"Na hujui nani anasoma. Katika nchi hii watu wamekufa kwa maneno madogo kuliko haya. Funga."

"Leo?"

"Leo."

"Kuna mutu moja anangoja jibu. Niache nimujibu, halafu kesho nitafunga."

"Atangoja kitabu," nikasema.

Mama mwenye saiberi alicheka, nami nikajiona nimesema neno la busara. Wewe hukucheka. Ulibonyeza mara mbili, kioo kikawa cheupe, ukasimama ukanirudishia kofia yangu niliyokuwa nimeisahau mezani.

Sasa nikueleze kilichonisukuma. Hofu ilikuwepo, sikukudanganya. Mtu aliyeishi mji huu tangu vita vya mwaka tisini na tatu hawezi kuliona neno lililoandikwa bila kujiuliza litasomwa na nani kwenye kizuizi cha barabarani. Lakini wewe majina ulikuwa umeyaficha, tena kwa akili kuliko ambavyo ningefanya mimi. Kilichonisukuma zaidi ni wale watu kumi na mmoja. Nilikuwa na madaftari ishirini chini ya kitanda na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyewahi kuniambia, "Hata kwetu yuko mama wa namna hiyo." Nilikuonea wivu. Mzazi hulisema neno hilo kwa shida, nami nimezunguka ukurasa mzima kabla ya kulifikia.

Habari ya madaftari hayo unaijua nusu. Unajua kwamba baba anaandika kitabu cha mtaa wetu wa Buyenzi. Hujui habari ya fundi Jumaine, kwa sababu alifariki ulipokuwa mdogo, na kwa sababu nimekuwa nikiikwepa.

Jumaine alikuwa mchomeleaji, ng'ambo ya barabara mbele ya nyumba yetu. Vita vilipoingia mjini na watu wakaanza kujifungia kila mtaa na kabila lake, alichukua bati moja bapa lililokuwa limekusudiwa kuwa lango, akalipaka rangi nyeusi, akalisimamisha nje ya karakana yake. Kila asubuhi, baada ya sala, aliandika juu yake kwa chaki. Barabara ya kwenda Ruziba leo inapitika. Mtoto wa kiume wa miaka mitano ameokotwa sokoni, hajui jina la baba, anapenda kuimba. Mama fulani amejifungua salama, msipige makelele. Nani ana dawa ya macho? Na watu walijibu kwa chaki yake, chini, pembeni, hata nyuma ya bati. Jioni mvua au kitambaa kilifuta, kesho yake akaanza upya.

Asubuhi moja aliniona nimesimama nasoma.

"Mwalimu, we unajua kuandika kunipita," akasema. "Kuya hapa, uandike na we kidogo. Chaki iko."

"Mimi naandika kitabu, Jumaine."

"Eh, kitabu! Itatoka lini?"

"Kikiwa tayari."

"Apana, Mwalimu. Watu iko wanapotea leo, we unawaandikia ya kesho kutwa." Akacheka, akanipigia saluti kwa kipande cha chaki. "Haya, bosi wa kitabu, pita."

Nilipita. Nikaingia ndani, nikafungua daftari, nikaandika juu ya misafara ya zamani iliyofika ukingoni mwa ziwa. Nilikuwa na karatasi na kalamu, na dirisha langu lilitazama moja kwa moja kwenye bati lile. Kwa karibu miaka mitatu lilijaa na kufutwa mbele yangu, na sikunakili hata siku moja. Jumaine alikufa kwa malaria katika wiki ambazo ilikuwa shida kufika hospitali. Watoto wake waliuza vyuma vyote, na bati likawa lango kweli, sijui kwa nani.

Nilipostaafu niliyatoa yale madaftari chini ya kitanda ili nimalizie kitabu. Nikakuta sura ya kwanza imeandikwa mara kumi na saba. Misafara ile ile, ziwa lile lile, kila mara kwa sentensi zilizonyooka zaidi. Hapakuwa na yule mtoto aliyependa kuimba, na hata jina lake sikulikumbuka tena. Nilikaa sakafuni na mama yako akadhani nimeanguka.

Ungetarajia kwamba mtu aliyeyaona hayo angeshangilia alipoiona blogu ya binti yake. Ilikuwa bati la Jumaine, Sauda, ila wewe ulipata bati lisilofutwa na mvua. Nami nikawa mvua.

Wiki mbili zilizopita, ulipokuwa umekwenda kupiga picha za pasipoti, Mama Bahati alikuja hapa na beseni lake kichwani. Alikataa kukaa. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayesema ndagala zina mchanga.

"Mwalimu, mi nimevumilia sasa nimechoka. Ile mashine ya mutoto wako itapona lini?"

"Mashine gani?"

"Ile anaandikamo. Ananiambiaka imeharibika. Miezi saba! Avenue muzima ni mafundi, wanafufua gari imekufa tangu ukoloni, mashine moja inawashinda?"

Sikuelewa. Ndipo akaweka beseni chini, akanieleza, na nilipomaliza kumsikiliza nilitamani ardhi ya sebule yangu ipasuke.

Unajua yote haya, lakini lazima niyaandike ili ujue kwamba na mimi sasa nayajua. Kwamba Bahati, binti yake, aliondoka miaka sita iliyopita baada ya ugomvi, na mama yake akampigia kelele barabarani kwamba asirudi tena kwenye mlango wake. Kwamba hakupiga simu wala kutuma salamu, na sisi majirani tuliendelea kumwita mama huyo kila siku kwa jina la mtoto aliyemfukuza. Kwamba siku moja kwenye blogu yako, chini ya habari ya Mama Mukwe, mtu asiyejitaja aliandika kwamba anaijua sauti hiyo, kwamba ni ya mama yake, na akauliza kama mguu unamuuma bado. Ulikwenda kwenye kona ukamnong'oneza. Akakwambia umjibu kwamba mguu unauma lakini unatembea. Ukamjibu. Naye akauliza swali moja tena: je, akipiga simu, atapokelewa?

Mama Bahati alichukua siku mbili kufikiri. Asubuhi ya siku ya tatu alikupa jibu. Mchana wa siku hiyo ulinipeleka saiberi.

"Kuna mutu moja anangoja jibu," uliniambia, nami nikakujibu kwa mzaha.

Nilikungoja mlangoni uliporudi na picha zako.

"Kwa nini hukuniambia ni nani?"

"Ulisema nifunge, Baba. Nikafunga."

"Na mashine iliyoharibika?"

"Ningemuambia nini? Baba yangu amekataza?" Ulikuwa unavua viatu, hukuniangalia. "Angekuchukia."

"Na kuandika?"

"Mi niliacha."

Ulisema hivyo kama mtu anayesema ameacha sukari kwenye chai. Ulinisitiri miezi saba mbele ya mwanamke tunayepishana naye kila asubuhi, na ukalipa kwa kalamu yako. Nami nilisema tu chakula kimepoa.

Tangu siku hiyo nimekwenda saiberi mara nne bila kukuambia. Mama mwenye saiberi alinifundisha kushika kipanya, akinipiga kofi mkononi kila nilipokikamata kama panya kweli. Nikasoma blogu za watu. Nyingine ni takataka, nisikudanganye, mtu anaeleza amekula nini na hata hicho hakijui vizuri. Lakini nilimpata mwalimu mmoja wa upande wa Mwanza anayeandika kila Ijumaa juu ya darasa lake lenye paa linalovuja, na mama mmoja mshonaji wa Bukavu anayeandika juu ya nguo alizoletewa kurekebisha na maneno ya walioleta. Sentensi zao hazijanyooka. Mshonaji anaanza habari tatu na kumaliza moja. Lakini nilipokuwa nasoma niliona kitu ambacho vitabu vyangu vya kabatini havikuwahi kunionyesha, kwa sababu kitabu hunifikia kikiwa kimeoga na kuchana nywele. Niliwaona watu wanafikiri. Mshonaji aliandika Jumatatu kwamba mteja fulani ana roho mbaya, na Alhamisi akaandika kwamba alikosea, yule mama alikuwa amefiwa. Mimi ningeifuta Jumatatu. Yeye aliiacha, na kwa hiyo nikaiona njia aliyoipita kati ya siku hizo mbili. Mwandishi ambaye hasomi wenzake wakiwa bado njiani atadhani kila mtu huzaliwa amefika, kisha ataona aibu ya miguu yake mwenyewe. Aibu hiyo ndiyo iliyonipa sura ya kwanza kumi na saba.

Na kuna jambo la pili, nalo ni dogo ila limenishinda kulisahau. Yule mwalimu wa Mwanza aliuliza wenzake wanafanyaje mvua inapopiga bati na watoto hawasikii. Nikamjibu chini yake, kwa vidole viwili, kwamba mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi waandike walichotaka kusema, na kwamba siku za mvua ndizo nilizowajua. Kesho yake nilikuta ameandika: "Asante, Mwalimu wa Bujumbura. Nimejaribu leo. Mmoja ambaye hajawahi kusema ameandika kurasa mbili." Nilisoma hapo nikasoma tena. Nina miaka sitini na mitatu, na ilikuwa mara ya kwanza maandishi yangu kujibiwa na mtu ambaye sikuwa namsahihishia. Niliporudi nyumbani niliandika mpaka wino ukaisha, na sikuandika juu ya misafara. Niliandika bati la Jumaine, yale machache niliyokumbuka. Nimekuachia kurasa hizo ndani ya mkoba wako, chini kabisa, pale zitakapowekwa sambusa. Hazijaiva. Nimejizuia nisizinakili upya.

Hofu yangu ya zamani sikuitupa yote, na wewe usiitupe. Bado usiku mizinga inasikika kutoka milimani, na watu waliouana bado hawajatazamana vizuri. Kabla ya kuweka habari ya mtu, jiulize nani anaweza kumfuata kwayo, na kama hujui, ficha jina kama ulivyofanya, au muulize mwenyewe. Lakini jifunze kutofautisha hofu inayomlinda mtu na ile inayomlinda anayeogopa. Mimi nilizichanganya, na Mama Bahati ndiye aliyeumia.

Wala sikuambii uache ndoto ya kitabu. Utakapokuwa muuguzi utaona mambo mengi yanayostahili kitabu. Nakuambia tu usikifanye kitabu kuwa sababu ya kumnyima mtu neno analolihitaji Jumanne hii. Na kama ukiandika huko Kampala na asikujibu mtu miezi mitatu, nitakujibu mimi. Nimeshajifunza.

Jana nilikwenda kwenye kona. Nilimweleza Mama Bahati kwamba mashine haikuharibika, kwamba aliyeifunga ni mimi, na kwamba wewe ulinisitiri. Alipanga upya mafungu ya ndagala ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

"Kumbe ni we," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Na unajua kusoma." Akafuta mikono kwa kitenge chake, halafu akasema, "Andika basi. Lakini usiweke maneno yako ya shule, atajua si mi."

Nikatoa karatasi, nikaandika alivyosema, naye akanifanya nimsomee mara tatu. Haya hapa, sijagusa hata moja:

"Bahati, mi mama yako. Mulango ni ule ule. Nilisema usirudi, lakini ufunguo sikubadilisha. Piga simu saa yoyote, niko nalala karibu nayo. Mguu unauma. Mukwe wa kweli sijapata bado, wote ni wa uongo. Kuya."

Mama mwenye saiberi ameniambia kwamba ukikumbuka neno lako la siri, blogu inaweza kufunguliwa tena kwa anwani ile ile, na anayepita kutazama ataiona. Hatujui kama bado anapita. Miezi saba ni mingi kwa mtu anayedhani mama yake amekataa kumjibu, na mimi ndiye niliyemfanya adhani hivyo. Nisamehe, mwanangu. Yeye nitamwomba mwenyewe akipiga.

Saiberi wanafunga saa kumi na mbili. Ukifika kutoka Kanyosha, usivue viatu. Chukua ukurasa huu, nenda ufungue blogu yako, uweke maneno ya Mama Bahati juu kabisa.

Baba yako